Ulikuwa Ukiangalia Nini? Historia Fupi ya Kutu Ndani ya Madaraja ya Zege

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa, kazi zilinizidi. Leo naomba tuiweke kando kidogo habari ya programu na tarakilishi, tuzungumze juu ya madaraja. Usikimbie. Ukifika mwisho utaona kwamba hatukwenda mbali na kazi yetu.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimwandikia mteja mmoja, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, programu ndogo ya kuhifadhi nakala za hesabu zake. Kila usiku saa nane programu hiyo ilinakili hifadhidata kwenye diski ya pili, kisha ikanitumia barua pepe yenye neno moja tu: SAWA. Kwa miezi minane nilipokea SAWA kila asubuhi, nikanywa chai yangu kwa amani. Siku diski kuu ilipokufa, nilikwenda dukani bila haraka, kama daktari anayejua dawa iko mkobani. Nikafungua nakala. Faili zilikuwepo zote, kila moja na tarehe yake. Ndani hamkuwa na kitu.

Nenosiri la hifadhidata lilikuwa limebadilishwa zamani. Programu yangu ilikuwa ikiandika faili tupu kila usiku, kisha ikikagua kama faili ipo, inaikuta ipo, inaniandikia SAWA. Mzee na binti yake walikaa wiki tatu wakiingiza risiti za karatasi moja baada ya nyingine. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Sasa kijana wangu, siku zote hizo ulikuwa ukiangalia nini?"

Swali hilo nimelikuta tena mahali ambapo sikulitarajia, yaani katika historia ya madaraja ya zege. Kule pia kulikuwa na wakaguzi wenye bidii, ripoti safi, na neno SAWA limeandikwa mwaka baada ya mwaka, huku ndani ya zege kitu kikiliwa kimyakimya. Tofauti ni kwamba kule hazikupotea risiti. Kule watu walikufa.

Tuanze na msingi. Zege, yaani ule mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji, lina nguvu sana ukilibana. Ukilivuta, linapasuka upesi. Ndiyo maana mafundi wetu wa mjengo huweka vyuma ndani: zege lishughulikie kubanwa, chuma kishughulikie kuvutwa. Kwa nyumba, hiyo inatosha. Kwa daraja refu haitoshi, kwa sababu boriti ndefu inalemewa na uzito wake yenyewe kabla gari la kwanza halijapita.

Sasa mtazame fundi anavyobeba matofali sita kwa mkupuo mmoja. Hayafungi kwa kamba. Anayapanga mstari, anayabana kwa viganja viwili kutoka pande zote mbili, anayainua. Hakuna gundi kati ya tofali na tofali, lakini mstari hauanguki maadamu viganja vinabana. Daraja la aina tunayoizungumzia hufanya hivyo hivyo. Ndani ya boriti hupitishwa mabomba membamba, na ndani ya mabomba hupitishwa kebo za nyaya za chuma kigumu. Kebo hizo huvutwa kwa jeki zenye nguvu nyingi, kisha hufungwa kwenye ncha zikiwa bado zimevutika. Zinataka kurudi kwenye urefu wake, na kwa kutaka kurudi zinalibana zege. Hizo kebo ndizo viganja vya fundi. Viganja vikilegea, unajua kitakachotokea.

Mtu anayetajwa sana katika historia hii ni Mfaransa Eugène Freyssinet. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza alijenga daraja la matao ya zege huko Le Veurdre, juu ya mto Allier. Baada ya muda mfupi aliona kwamba matao yanashuka polepole, ingawa hakuna aliyeyaongezea mzigo. Aliyainua tena kwa jeki na kuliokoa daraja, lakini jambo lile halikumtoka kichwani. Alikuwa ameona kwamba zege likibanwa kwa muda mrefu hujikunja lenyewe, kidogo kidogo, kwa miaka. Hapo ndipo waliomtangulia walipokwama. Walivuta chuma cha kawaida, ambacho hurefuka kidogo tu, na zege lilipojikunja likaumeza urefu wote ule. Mvutano ukaisha. Freyssinet alielewa kwamba dawa ni chuma chenye nguvu nyingi mno, kinachoweza kuvutwa sana, ili zege likishajikunja bado ubaki mvutano wa kutosha. Aliliandikia hati ya ubunifu mwaka 1928 pamoja na Jean Séailles. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Ulaya ilipokuwa imejaa madaraja yaliyolipuliwa na chuma ni adimu, njia yake ilienea upesi. Daraja lake la Luzancy, juu ya mto Marne, lilikamilika mwaka 1946.

Zingatia jambo moja hapa, maana ndilo mzizi wa hadithi yote. Chuma cha kawaida ndani ya nguzo ya nyumba hufanya kazi kwa utulivu, mara nyingi kikiwa na akiba kubwa ya nguvu. Waya wa kebo hizi unavutwa kwa zaidi ya nusu ya nguvu zake zote, kila sekunde, usiku na mchana, daraja likiwa na magari au likiwa tupu. Hauna mapumziko tangu siku ya kwanza.

Waliojua hilo walijua pia kwamba waya kama huo lazima ulindwe. Kwa hiyo, baada ya kuvuta kebo, mafundi walijaza bomba kwa uji wa saruji. Saruji ina tabia ya magadi: chuma kikizungukwa nayo hujivika utando mwembamba sana unaozuia kutu. Uji ukigandamana vizuri, waya hukaa salama kwa miaka mingi. Kwenye karatasi mpango huu hauna kasoro.

Kwenye eneo la ujenzi mambo ni mengine. Bomba limelala ndani ya boriti likipanda na kushuka kama mawimbi. Ukisukuma uji humo, hewa hubaki kwenye vilele. Uji wenye maji mengi hujitenga: saruji inatulia chini, maji yanapanda juu, na maji yakikauka yanaacha pango. Na pango hilo liko pale pale ambapo waya umepita karibu na uso wa barabara. Nani ataliona? Bomba limefungwa, zege limemwagwa, hati zimetiwa saini, mkandarasi kaondoka.

Kisha inakuja chumvi. Katika nchi za baridi humwagwa barabarani kila msimu wa barafu. Ikiyeyuka, hupenya kwenye nyufa na viungo hadi ndani. Kloridi iliyomo huuvunja ule utando, na kutu huanza kuuchimba waya vishimo vidogo kama jino lililooza.

Hapa ndipo ugumu wa ukaguzi ulipo. Chuma cha kawaida kikishika kutu karibu na uso wa zege, kutu huvimba na kulisukuma zege hadi lipasuke. Unaona ufa, unaona doa la kahawia, unaita fundi. Chuma kinapiga kelele. Waya ulio ndani ya bomba haupigi kelele. Kishimo kinachimbwa kimyakimya, na kwa kuwa waya tayari umevutwa mno, hauhitaji kulika wote ili ukatike. Na ukikatika bado huoni kitu, kwa sababu uji wa saruji unaushika tena hatua chache kutoka pale. Daraja halishuki, halipasuki. Nyaya zilizobaki zinabeba mzigo wa mwenzao, na bado zinalibana zege vya kutosha kuficha nyufa.

Wenzangu wa seva mnaijua hali hii. Una diski nne zinazosaidiana. Moja inakufa, mfumo unaendelea. Ya pili inakufa, mfumo unaendelea kwa shida ambayo mtumiaji haioni. Unafurahi kwamba mfumo wako ni imara, kumbe uimara wenyewe ndio unaokuficha ukweli. Siku inapokufa inayofuata, kila kitu kinaanguka kwa mpigo.

Mwaka 1967 daraja dogo la waenda kwa miguu lilianguka Bickton Meadows, kusini mwa Uingereza. Lilikuwa limejengwa kwa vipande vilivyounganishwa kwa saruji, na nyaya zake zilikuwa zimeliwa na kutu. Tukio hilo halikubadilisha mambo makubwa.

Kisha ikaja tarehe 4 Desemba 1985. Huko Wales, juu ya mto Afan, kulikuwa na daraja linaloitwa Ynys-y-Gwas. Lilikuwa limejengwa mwaka 1953, urefu wake wa kuvuka ni mita 18 hivi. Boriti zake zilikuwa za vipande, vimepangwa kama yale matofali yetu, kati yake kiungo chembamba cha saruji na mchanga, na kebo zikapita zikivibana vyote. Siku hiyo daraja zima lilianguka mtoni. Hakuna aliyeumia. Halikuanguka chini ya lori lililozidisha mzigo wala halikugongwa. Lilianguka tu.

Waliochunguza mabaki walikuta kwamba chumvi ilikuwa imepenya kwenye vile viungo vyembamba na kuzila nyaya pale pale zilipovivuka. Mahali pengine nyaya zilikuwa nzima kabisa, zinang'aa. Na daraja lilikuwa limekaguliwa miaka ya nyuma bila kuonekana dalili ya hatari.

Usiwaone wakaguzi wale kuwa wazembe. Walitazama zege na zege lilikuwa zima. Walichoandika kilikuwa kweli. Walijibu sawasawa swali waliloulizwa na macho yao, kama programu yangu ilivyojibu sawasawa kwamba faili ipo. Kila ukaguzi hujibu swali lake tu, na ukaguzi wa macho haukuwa umewahi kuuliza habari za waya.

Serikali ya Uingereza ilishtuka. Mnamo Septemba 1992 Wizara ya Uchukuzi ilisitisha ujenzi wa madaraja mapya ya kebo zilizofunikwa kwa uji wa saruji. Fikiria uzito wa uamuzi huo: teknolojia iliyotumika kwa miongo kadhaa, nchi inasema tusimame kwanza. Yale yaliyokuwepo yakapangiwa ukaguzi maalumu. Kanuni za kujaza uji ziliandikwa upya, na mwaka 1996 zuio likaondolewa kwa madaraja yanayomwagwa mahali pake. Yale ya kuunganisha vipande yaliendelea kusubiri.

Haya, ukaguzi maalumu ni upi? Hapa mimi mwenyewe nilipendezwa sana, kwa sababu kila kifaa kina swali lake na kila swali lina ukomo wake.

Njia ya kwanza ni kutoboa. Unatafuta bomba liko wapi, unatoboa tundu dogo kwa uangalifu mkubwa usije ukaukata waya unaotaka kuuokoa, kisha unaingiza kamera nyembamba kama ile ya madaktari. Unaona kama kuna pango, kama kuna maji, kama waya una kutu. Hili ni jibu la kweli, lakini ni la sentimita chache tu. Ynys-y-Gwas ingekuaibisha: toboa katikati ya kipande uone waya unaong'aa, kumbe kwenye kiungo hakuna waya.

Njia ya pili ni rada, inayorusha mawimbi ndani ya zege na kusikiliza mwangwi. Inakuonyesha vizuri bomba limepita wapi. Lakini bomba la chuma huyarudisha mawimbi, hivyo rada haioni kilichomo ndani. Kwa lugha yangu: faili ipo.

Njia ya tatu ni kugonga uso wa zege na kupima mwangwi wa mtetemo, ili kutambua pango. Ya nne ni miale, kama picha ya mfupa uliovunjika hospitalini. Inaonyesha mengi, ila barabara lazima ifungwe, watu wakae mbali, na kila picha inachukua muda.

Ya tano inatumia sumaku, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin waliifanyia kazi kubwa. Unauvutia waya usumaku kupitia zege, kisha unapitisha kipimo juu yake. Waya ukiwa mzima, usumaku unatiririka ndani yake. Ukiwa umekatika, usumaku unavuja pale kwenye mkato na kipimo kinaruka. Waliokulia na kanda za kaseti watalielewa hili mara moja: daraja linasomwa kama kanda. Shida ni kwamba vyuma vingine vya kawaida vilivyo karibu na uso huleta makelele kwenye usomaji, na nyaya zilizo ndani sana hazifikiki.

Ya sita ndiyo niipendayo. Waya uliovutwa ukikatika, hutoa mlio mkali unaosafiri ndani ya zege. Basi funga vihisi kwenye daraja, vikae vinasikiliza mwaka mzima. Vihisi kadhaa vikisikia mlio ule ule kwa nyakati zinazotofautiana kidogo sana, tarakilishi inapiga hesabu na kukuambia waya umekatikia wapi. Ni hesabu ya aina ile ile inayotumika kukadiria rununu yako iko wapi kutokana na minara. Kazi ya programu ni kuchambua: huu ni waya, ule ni lori limepita kwenye shimo, ule ni fundi anagonga. Huko Calgary, Kanada, mfumo wa namna hii ulitengenezwa miaka ya 1990 kwa ajili ya majengo yenye kebo kama hizi, ukahamia kwenye madaraja.

Lakini nao una ukomo, na ni ukomo ambao kila mwandishi wa programu anaujua. Vihisi vinasikia kuanzia siku vilipofungwa. Havijui ni nyaya ngapi zilikatika kabla ya hapo. Ni sawa na kuwasha kumbukumbu za mfumo leo, ukatarajia zikueleze kilichotokea mwaka jana.

London iliona faida yake. Barabara ya juu ya Hammersmith ilifunguliwa mwaka 1961, imejengwa kwa vipande vilivyobanwa kwa kebo. Waliojenga walijua hatari ya chumvi, wakaweka mfumo wa kupasha barabara joto ili barafu isishike na chumvi isihitajike. Mfumo ule haukudumu, na chumvi ikaanza kumwagwa kama kwingine. Miaka ikapita. Hatimaye vihisi vya sauti vikafungwa, vikaanza kusikia nyaya zikikatika, na uchunguzi zaidi ukaonyesha hali mbaya. Mnamo Desemba 2011, siku chache kabla ya Krismasi, barabara ikafungwa ghafla. Watu walikasirika sana, na Michezo ya Olimpiki ilikuwa miezi saba mbele. Ilifunguliwa kwa magari mepesi Januari 2012, ikaimarishwa kwa kebo mpya. Hapo hapakuwa na msiba wala habari ya kusisimua. Hasira ya foleni ilikuwa ndiyo bei ya kujua mapema.

Kwingine hawakujua mapema. Tarehe 20 Mei 2000 huko Concord, North Carolina, watu walikuwa wakitoka uwanja wa mbio za magari usiku, wakavuka daraja la miguu. Likakatika, wakaanguka barabarani, zaidi ya 100 wakaumia. Daraja lile lilikuwa na miaka mitano tu. Halikuwa limemwagiwa chumvi kwa miongo. Kloridi ilikuwemo ndani ya uji wenyewe uliojazwa kuzilinda nyaya. Mlinzi ndiye aliyekuwa mwizi.

Na Genoa, Italia. Daraja la Polcevera lilibuniwa na Riccardo Morandi na kufunguliwa mwaka 1967. Badala ya kebo nyingi zinazoonekana, alitumia mikono michache minene, nyaya zikiwa ndani na zege likizifunika nje ili kuzilinda. Kufikia mwaka 1979 Morandi mwenyewe alikuwa ameandika juu ya jinsi hewa ya bahari na moshi wa viwanda vilivyokuwa vikilidhuru. Miaka ya 1990 mwanzoni mikono ya mnara mmoja, namba 11, iliimarishwa kwa kebo za nje. Mnara namba 9 haukufanyiwa hivyo. Mwaka 2017 watafiti wa chuo kikuu cha Milan walipima mtetemo wa daraja, wakaona mambo yasiyo ya kawaida, wakashauri ufuatiliaji zaidi. Mpango wa kuimarisha ukaidhinishwa, kazi ikawa bado haijaanza.

Tarehe 14 Agosti 2018, kabla ya saa sita mchana, mvua ikinyesha, mnara namba 9 ulianguka na zaidi ya mita 200 za barabara. Watu 43 walikufa. Wataalamu walioteuliwa na mahakama walieleza mwaka 2020 kwamba chanzo kilikuwa kutu iliyokula nyaya juu ya mkono mmoja wa mnara huo. Zege lililowekwa kuzilinda lilikuwa limezificha. Genoa inanifunza jambo chungu zaidi kuliko Wales. Wales hawakuuliza. Genoa swali liliulizwa, jibu lilianza kuja, lakini likatembea polepole kuliko kutu.

Ya karibuni zaidi ni Dresden, Ujerumani. Daraja la Carola lilijengwa kati ya 1967 na 1971, likiwa na sehemu tatu sambamba. Mbili zilikuwa zimekarabatiwa, ya tatu, yenye njia ya tramu, ilikuwa zamu yake mwaka 2025. Tarehe 11 Septemba 2024, yapata saa tisa usiku, sehemu hiyo ya tatu iliangukia mtoni Elbe. Tramu ilikuwa imepita dakika chache tu kabla. Hakuna aliyeumia. Uchunguzi ulionyesha kwamba nyaya zake zilikuwa za aina ya chuma kinachoathirika na unyevu: haidrojeni huingia ndani ya chuma, ikakifanya kivunjike kama kioo. Mbegu ya ufa ilipandwa wakati wa ujenzi wenyewe, kabla uji haujajazwa, na mizigo ya miaka zaidi ya 50 ikaukuza. Waya wa namna hiyo unaweza kukatika bila hata kutu ya kuonekana. Ulikuwa mgonjwa tangu kuzaliwa, na cheti cha kuzaliwa kilisema SAWA.

Je, hakuna njia ya kujenga daraja linaloweza kuulizwa? Ipo, na inanifurahisha kama mtu wa programu. Wahandisi wengine wameamua kupitisha kebo nje ya zege, ndani ya tumbo wazi la daraja, mahali mtu anaweza kuingia na tochi. Waswisi wamekwenda mbali zaidi. Huiweka kebo ndani ya bomba la plastiki, wakaitenga kabisa kwa umeme na vyuma vingine vya daraja, wakaacha waya wa kupimia umetokeza nje. Baada ya miaka 10 au 30, fundi anakuja na kipimo cha umeme. Kizuizi kikiwa kikubwa, bomba ni zima na maji hayajaingia. Kikishuka, kuna mahali pamepenya. Hawakungoja ugonjwa ndipo watafute daktari. Waliacha mlango wa daktari tangu siku ya kwanza.

Nasi huku? Hatumwagi chumvi barabarani. Lakini aliyekulia Mombasa anajua mabati yanavyoliwa huko, na nati za baiskeli zinavyoshikana. Daraja la Nyali tunalolivuka lilifunguliwa mwaka 1980, likachukua nafasi ya lile la maboya. Bahari iko chini yake mchana na usiku, na upepo wake haungoji msimu wa barafu. Kila nivukapo nikiwa ndani ya matatu hutazama zile nguzo. Siku hizi najua kwamba kutazama kwangu kunanijibu jambo moja tu: kwamba nguzo zipo. Tunapojenga madaraja mengi zaidi, na tunayajenga, swali la kumwuliza mhandisi si kama litasimama siku ya kufunguliwa. Siku hiyo yote husimama. Swali ni: baada ya miaka 40, mjukuu wangu atajuaje kama nyaya bado zipo, na je, mmemwachia mlango wa kuulizia?

Narudi kwa mzee wangu wa duka. Bado ni mteja wangu, Mungu ambariki. Programu yake ya nakala siku hizi inafanya kazi nyingine ya ziada. Baada ya kunakili, inaifungua nakala hiyo kwenye tarakilishi ya pembeni, inaijenga upya hifadhidata, inahesabu risiti, na inalinganisha jumla ya mauzo ya jana na ile ya dukani. Zikilingana ndipo inaniandikia SAWA. Tena nimejiwekea desturi: Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi naifungua moja kwa mkono wangu, natafuta risiti yoyote na kuisoma kwa macho. Siku moja mzee alinikuta nikifanya hivyo, akauliza naangalia nini. Nikamwambia: "Misumari ya nchi tatu, kilo mbili, Jumanne iliyopita." Akacheka, akaniagizia chai.

Maoni yenu nayakaribisha, hasa kutoka kwa wahandisi. Na kama una nakala za kazi yako mahali fulani, usiku wa leo kabla hujalala fungua moja.